Unakwenda kuogelea Durban? Papa si tatizo lako

Mwezi huu nimeulizwa swali lile lile na watu watatu, wote vijana, wote wanajipanga kwenda kula sikukuu Durban. "Kaka, eti papa wapo?" Wa tatu alikuwa amekaa mashine ya jirani yangu pale kafe, kafungua picha za ufukwe wa North Beach, watu wamejaa kama sisimizi, akanigeukia na swali hilo hilo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu kingine. Hakuna aliyeuliza akiugua atakwenda hospitali gani, au akisimamishwa barabarani na watu wasio polisi wakamwambia toa kitambulisho afanyeje.

Basi nianze na papa tuwamalize, halafu tuongee mambo.

Papa wapo. Bahari ile ni Bahari ya Hindi hii hii yetu, ila kule kusini ina papa wakali zaidi. Kati ya mwaka 1943 na 1951 watu 7 waliuawa na papa pale pale Durban. Mwaka 1952 wakaweka nyavu. Tangu mwaka huo hajafa mtu kwa papa kwenye fukwe za Durban zenye nyavu. Zaidi ya miaka 70. Fukwe za kusini mwa jiji, ambazo wakati huo hazikuwa na nyavu, ndizo zilizopata cha moto. Kuanzia Desemba 1957 hadi Aprili 1958 watu 9 walishambuliwa ndani ya siku 107, na 6 kati yao wakafa. Watalii walikimbia, magari yakawa foleni kurudi Johannesburg. Serikali ikaleta meli ya kivita ikatupa mabomu baharini. Wakaua papa wachache, lakini bomu likaua na samaki wengine wengi, na papa wapya wakaja kula zile maiti za samaki! Serikali ni serikali tu, haina rangi. Baadaye, mwaka 1964, ikaundwa bodi maalum ya kushughulikia papa na ipo mpaka leo.

Jambo moja watu hawalijui. Nyavu zile si ukuta. Kila wavu una urefu wa mita 214 na kina cha mita 6, unaelea mita mia kadhaa kutoka ufukweni, na papa anaweza kupita pembeni au chini yake. Kinachofanyika ni kuwapunguza: wanaozunguka hapo hunaswa na kufa. Wanamazingira wanalalamika, kwa haki kabisa, kwa sababu wananaswa pia kasa na pomboo. Halafu msimu wa dagaa, Juni na Julai, nyavu nyingi huondolewa kwa sababu dagaa huja na msafara wa papa na pomboo nyuma yao. Ukikuta bango limeandikwa kuogelea marufuku, amini bango, usimwamini rafiki yako aliyekwisha kunywa bia mbili.

Papa kwisha.

Bahari yenyewe sasa. Sisi tuliozoea Bagamoyo, Tanga, Mombasa tumedekezwa. Matumbawe yanatukinga, mawimbi yanafika yamechoka. Durban hakuna matumbawe ya kukukinga namna hiyo. Wimbi linatoka huko mbali na nguvu zake zote. Tarehe 17 Desemba 2022, Jumamosi, ufukwe wa Bay of Plenty ambao uko katikati kabisa ya mji, wimbi kubwa liliwabeba waogeleaji likawagonga kwenye gati. Watu 3 wakafa, wengine wengi wakapelekwa hospitali. Waokoaji walikuwepo. Haikusaidia.

Kuna mkondo wa maji unaovuta mtu kutoka ufukweni kwenda ndani. Mara nyingi unakaa karibu na magati, na kwa macho ya mgeni sehemu hiyo ndiyo inaonekana imetulia kuliko kwingine, kwa hiyo ndiyo mgeni anaichagua. Ukikushika usipigane nao kurudi moja kwa moja, utachoka na kuzama. Elea, inua mkono, ogelea kwa pembeni sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, halafu ndio urudi. Na ogelea pale tu palipo na bendera na waokoaji. Kama hujui kuogelea (na wengi wetu tuliozaliwa Dodoma na Nakuru hatujui, tusidanganyane) maji yakifika magotini yanatosha, piga picha toka.

La tatu ni uchafu. Aprili 2022 mvua kubwa ilinyesha KwaZulu-Natal, zaidi ya watu 400 walikufa, nyumba zikasombwa, na mitambo ya maji taka ikavunjika. Kwa miezi mingi baada ya hapo maji taka yaliingia mitoni na baharini, na fukwe zikawa zinafungwa na kufunguliwa kutegemea vipimo vya vijidudu vya E. coli. Mvua ikinyesha sana, kaa nje ya maji siku mbili tatu, hasa karibu na mdomo wa mto Umgeni kule Blue Lagoon. Kuhara ukiwa likizoni ni hasara ya pesa na heshima.

Sasa tuje kwenye kile kilichonifanya niandike.

Ukitafuta kwenye intaneti "usalama Durban" utapata kurasa nyingi sana. Zisome kwa makini uone zimeandikwa kwa ajili ya nani. Usivae saa ya bei mbaya. Usitembee usiku. Kodi gari yenye kufunga milango yenyewe. Chukua chumba Umhlanga. Ushauri mzuri, siupingi. Lakini ni ushauri wa mtu anayetoka London au Frankfurt, ambaye hofu yake ni kuibiwa. Huyo akipita mtaani kila mtu anajua ni mgeni na kila mtu anajua ana pesa, basi. Hakuna atakayemwambia arudi kwao. Wewe ukipita, unaonekana mwenyeji, na hiyo ni kinga yako kubwa dhidi ya vibaka, mpaka ufungue mdomo. Ukishafungua mdomo, unaacha kuwa mtalii na unakuwa kitu kingine. Wana neno lao, kwerekwere, la kumbeza Mwafrika anayetoka nje na kuongea lugha wasiyoielewa.

Mei 2008 machafuko dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, Johannesburg, yakasambaa mpaka Durban. Watu 62 waliuawa. Wakati ule watu walikuwa wanasimamishwa na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Jibu ni indololwane. Ukishindwa kulitamka, umekwisha. Na kati ya wale 62, 21 walikuwa raia halali wa Afrika Kusini. Baadhi yao waliangukia mtihani ule ule, wengine kwa sababu tu wanatoka kaskazini ya nchi na Kizulu hakipandi.

Durban ilipata zamu yake yenyewe mwaka 2015. Ilianzia Isipingo, kusini mwa jiji, mwishoni mwa Machi, kwenye mgogoro wa kazi dukani ambako wafanyakazi wenyeji waligoma na nafasi zao wakapewa wageni. Siku chache kabla, mfalme wa Wazulu wa wakati huo, Goodwill Zwelithini (alifariki 2021), alisema hadharani kwamba wageni wafungashe warudi kwao, baadaye akasema alinukuliwa vibaya. Watu wasiopungua 7 walikufa, maelfu wakakimbilia kwenye mahema. Machi 2019 tena, Wamalawi wengi walikimbilia kituo cha polisi cha Sydenham, mtaa wa Durban hapo hapo, baada ya kufukuzwa nyumbani kwao usiku.

Kitu kimoja kilinichoma nilipokuwa nasoma habari za 2015. Kambi moja ya wakimbizi hao ilikuwa Chatsworth. Na Chatsworth ndiko wanakoishi watu wanaoitwa Wazanzibari wa Durban! Mwaka 1873 manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa kwenye pwani yetu, wakawaokoa, halafu badala ya kuwarudisha kwao wakawapeleka Natal kufanya kazi kwa mikataba. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, Waislamu. Walikaa King's Rest, kule Bluff, karibu miaka 90, na miaka ya 60 utawala wa makaburu ukawahamishia Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa Wahindi, baada ya kuwaandika kuwa ni aina ya Waasia. Yaani watu wa pwani yetu wapo mji ule tangu kabla reli haijafika Johannesburg, wamekwisha kuitwa kila jina. Basi ukiambiwa "nyie mmekuja juzi", ujue historia inasema vingine. (Usimjibu hivyo mtu aliyeshika rungu, lakini. Kaa nayo moyoni.)

Turudi kwenye siku zetu. Mwaka 2025 hapo Durban lilizaliwa kundi linaloitwa March and March, linaandamana kutaka wageni wasio na vibali waondoke. Pamoja na kundi jingine, Operation Dudula, walikuwa wanasimama kwenye milango ya zahanati na hospitali za serikali wakikagua vitambulisho vya wagonjwa. Hospitali mojawapo waliyoisimamia mwaka huo ni Addington. Fungua ramani uangalie Addington iko wapi. Iko South Beach, inatazama bahari, hatua chache tu kutoka mchangani. Mtu akizama au akipasuliwa mguu na chupa pale ufukweni, hiyo ndiyo hospitali ya serikali ya jirani.

Umeona sasa kwa nini nakwambia papa si tatizo lako?

Sheria iko upande wako, tena wazi kabisa. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27, inasema hakuna mtu anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Haikusema raia, imesema mtu yeyote. Na mwenye mamlaka ya kukuuliza hati zako za uhamiaji ni polisi au afisa wa uhamiaji, si raia mwenye fulana yenye maandishi. Tarehe 4 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwapiga marufuku Operation Dudula kudai vitambulisho vya watu na kuwazuia wagonjwa kuingia zahanati. Safi sana. Ila sote tunajua mahakama inakaa mbali na mlango wa hospitali saa nne usiku. Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Ningekata bima ya safari kabla ya kuondoka, yenye kulipia hospitali binafsi, kwa sababu binafsi wanataka kuona malipo kwanza. Ni pesa kidogo ukilinganisha na tiketi. Namba za bima ningeziandika kwenye karatasi mfukoni, maana simu ndicho kitu cha kwanza kuibiwa. Namba ya polisi ni 10111, gari la wagonjwa 10177, na 112 ukiwa na simu ya mkononi.

Pasipoti usitembee nayo ufukweni. Acha mahali salama ulikofikia, tembea na nakala ya ukurasa wa picha na ukurasa wenye muhuri wa kuingia. Mtanzania anaingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka, Mkenya naye amepata siku 90 tangu tarehe 1 Januari 2023, wa nchi nyingine ulizeni ubalozi kabla ya kununua tiketi. Lakini angalia tarehe aliyokuandikia afisa pale uwanja wa ndege, usihesabu ya kichwani. Ukizidisha hata siku moja unaandikwa mtu asiyetakiwa na kufungiwa miezi 12. Ukizidisha zaidi ya siku 30, miaka 5. Na mtu mwenye muhuri uliokwisha ni mtamu sana kwa kila mla rushwa na kila mwenye kundi, kwa sababu hawezi kwenda kulalamika popote.

Ukisimamishwa na raia, usibishane, usionyeshe karatasi yako halisi, ondoka kuelekea mahali penye watu na walinzi. Jifunze Kizulu cha salamu. Sawubona ni salamu, ngiyabonga ni asante. Si kwa ajili ya kudanganya wewe ni mwenyeji, hutaweza, ni kwa ajili ya adabu. Anayesalimu kwanza kwa lugha ya mwenye nyumba anapokelewa tofauti. Na wenyeji wengi ni watu wema. Tarehe 16 Aprili 2015 maelfu waliandamana pale pale Durban kupinga mauaji yale.

Wizi wa kawaida nao upo, nisije nikaonekana nausafisha mji. Afrika Kusini yote, mwaka wa fedha 2022/23, zaidi ya watu 27,000 waliuawa. Namba ya kutisha. Ila haijasambaa sawasawa. Vituo vya polisi vinavyoongoza kwa mauaji upande ule ni kama Inanda na Umlazi, mitaa ya mbali na bahari ambako mtalii hana shughuli. Ufukweni penyewe mchana kuna njia ya kutembea kwa miguu ya kilomita 8 hivi, kutoka Blue Lagoon mpaka Point, watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, askari wapo, raha tupu. Jua likizama mambo yanabadilika, na yanabadilika kwa kuachana mtaa mmoja tu. Ufukweni una taa, rudi nyuma mitaa miwili kuelekea Mahatma Gandhi Road (zamani Point Road) uone. Usiku panda Uber au Bolt hata kama ni karibu, angalia namba ya gari kabla hujaingia.

Mtanzania atapenda kupiga picha kibao cha mtaa wa Julius Nyerere. Upo, ndio ile iliyokuwa Warwick Avenue, inapita kwenye soko kubwa la Warwick ambako teksi zao (zile Hiace, sisi daladala, Kenya matatu) zinakutana kwa mamia. Soko zuri sana, dawa za asili, mahindi ya kuchemsha, vichwa vya ng'ombe. Nenda asubuhi, nenda na mwenyeji, simu ndani ya suruali, na kibao cha Mwalimu kipige haraka haraka. Kwenye ATM asije mtu "kukusaidia", hata akiwa amevaa tai. Anabadilisha kadi kwa sekunde mbili na wewe unatazama.

La mwisho linatuhusu wenyewe, na najua litawaudhi baadhi. Ukiwa South Beach au Albert Park utasikia nyuma yako "Mambo vipi!" Moyo utaruka. Unayemkuta anaweza kuwa mfanyabiashara wa heshima, fundi, mwanafunzi, na wapo wengi. Anaweza pia kuwa kijana aliyezamia meli Dar au Tanga akakwama pale bandarini, analala chini ya daraja, na unga umemmaliza. Pwani yetu ni njia ya heroini kwenda kusini, hiyo si siri. Mhurumie, mnunulie chakula ukiweza, lakini mzigo wa mtu usibebe. Begi la "mpelekee mama Temeke", bahasha, kopo la maziwa, viatu vipya vya mtoto, usibebe. Ndugu zetu wengi wako jela za ugenini kwa kopo la maziwa.

Na muda wa kwenda? Desemba na siku ya mwaka mpya ufukwe unafurika mpaka manispaa inawavalisha watoto mikanda ya utambulisho mkononi kwa jinsi wanavyopotea. Kama una watoto, tafuta mkanda huo kabla ya kutafuta aiskrimu. Mimi ningechagua Aprili au Mei, watu wachache na maji bado ya vuguvugu. Tazama na kalenda ya siasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulifanyika tarehe 1 Novemba 2021, na kwa sheria yao unaofuata unatakiwa uwe umefanyika kabla ya Januari 2027 kuisha. Kila kampeni zinapopamba moto, mgeni ndiye anayesababisha ukosefu wa kazi, mgeni ndiye anayejaza hospitali, mgeni ndiye anayeuza unga. Soma magazeti yao wiki mbili kabla ya kupanda ndege. Ukiona maandamano yametangazwa katikati ya mji, siku hiyo baki hotelini au nenda Umhlanga ukale samaki.

Yule jamaa wa kafe nilimweleza yote haya, akasikiliza kwa makini, akaniuliza bima inauzwa wapi. Nikamwonyesha. Halafu akasogea karibu akaniuliza taratibu, "Lakini kaka, una uhakika zile nyavu hazijatoboka?"

Mliokaa Durban, hasa mliokuwepo 2015, tuambieni hapo chini mlipitaje.